Mgeni Asilale Bondeni

Leo nataka kuwatembeza kidogo katika nchi yetu ya Lac Vert, kisha nitawaungama kosa langu moja. Ukitoka katikati ya Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini, fuata barabara iendayo Sake, upande wa machweo. Nyumba za matofali zapungua, za mbao zazidi. Halafu waona maharage, viazi na mahindi kati ya mawe meusi. Hapo ndipo kwetu. Katika vitabu vya serikali sisi tu kartie ya mji. Kwa jembe na mbuzi sisi tu watu wa shamba.

Jina letu ni la Kifaransa, maana yake Ziwa la Kijani. Ziwa lenyewe ni dogo, limelala ndani ya shimo la volkano ya kale. Kusini yake, karibu kabisa, liko Ziwa Kivu. Upande wa kaskazini wasimama Nyiragongo, mlima wa meta 3,470. Mawe yote tunayokanyaga yalitapikwa na milima ya moto. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi katika nyufa. Kwa hiyo akina mama na watoto huteka maji ziwani na kuyapandisha kwa bidoni za njano. Hata kuchimba kaburi ni kazi ngumu.

Nyiragongo ulipasuka mwaka 1977, tena Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji na kuteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ulipopasuka tena Mei 2021, watu wa Goma walikimbia kwa maelfu wakipita barabara yetu kwenda Sake.

Maana barabara hii ni njia ya wakimbizi. Katika Julai 1994 watu wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu, wengi wakapiga kambi Mugunga, jirani zetu. Katika mwezi mmoja watu kama 50,000 walikufa katika eneo la Goma, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wakati huo nilikuwa mtoto mdogo.

Basi, iko habari moja ya nchi yetu isiyoonekana kwa macho. Sisi twaiita mazuku. Ni hewa itokayo chini kwa nyufa za ardhi. Wenye elimu huiita dioksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Kwa kuwa ni nzito kupita hewa ya kawaida, hutulia mabondeni kama maji kisimani, hasa usiku na alfajiri, pasipo upepo. Mtu mzima aliyesimama aweza kupumua vizuri, na mtoto aliye miguuni pake akafa. Tena mabonde hayo huvuta macho, kwani udongo kidogo hukusanyika humo na majani huota.

Februari 2024, vita ilipokaribia Sake, watu walikuja kwetu wengi mno. Jioni moja nilikuwa nikienda kufundisha katekisimu. Nikaona mume na mke na watoto watatu wakijenga kibanda cha turubai katika bonde dogo lenye majani. Mama akaniambia kwa furaha, "Mwalimu, tumepata mahali pazuri, upepo haufiki." Nilijua bonde lile. Lakini nilikuwa nimechelewa, nikasema moyoni: wakubwa wa kambi watawaambia. Nikawatakia usiku mwema, nikaenda zangu.

Asubuhi nilisikia kelele. Mbuzi wao wawili walikuwa wamekufa pasipo jeraha. Mtoto mdogo, aliyelala chini mkekani, alikuwa amelegea kabisa. Baba alimbeba mbio mpaka juu penye upepo, tukamwita jina lake muda mrefu, na kwa rehema ya Mungu akavuta pumzi. Mama yake akanitazama. "Mwalimu, ulijua?" Nikamjibu, "Nilijua, mama." Hakusema neno jingine, na tangu siku ile hakuniamkia tena.

Tarehe 3 Mei mwaka ule mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, wakafa watu wengi, watoto kwa wakubwa. Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma, na Februari kambi zikavunjwa. Jamaa ile ilikwenda zake pamoja na wengine. Sikupata nafasi ya kuwaomba msamaha.

Wasomaji, bomu sikuweza kulizuia, wala moto wa mlima. Lakini neno moja la jioni ile lilikuwa mdomoni mwangu, nami nililimeza. Kwa sababu hiyo siku hizi, kila ninapopata wanafunzi wapya, kwanza twatembea. Nawaonyesha bonde moja moja, na mahali pa kukuta mijusi na ndege waliokufa. Nawafundisha kwamba mtu akianguka humo, asishuke mmoja peke yake kumwinamia, maana na huyo ataanguka. Kisha kila mmoja hupewa kazi: akiona mgeni anajenga, amwulize atalala wapi.

Nawe, popote ukaapo, unajua mahali pabaya pa nchi yako. Mgeni hajui. Mwambie jioni, usingoje asubuhi.