Siku Mbili Kakamega na Mjukuu Wangu



Mhariri wetu amezoea kuniomba picha kila ninapomletea habari za safari. Safari hii ameniomba mara mbili, na mara zote mbili nimemjibu kwamba hapati. Picha zipo, kwa siku mbili nilipiga zisizopungua 200. Lakini mtoto aliyemo ndani yake msomaji hatamwona, wala jina lake sitalitaja, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Binti yangu wa pili amehamia Kakamega kwa ajili ya kazi ya mumewe. Alikaa katika ndoa miaka 7 kabla Mwenyezi Mungu hajamruzuku mtoto, na mtoto huyo sasa ana mwaka mmoja na miezi minane. Bibi yake hawezi tena safari ndefu kwa sababu ya goti. Alinifungia tende, achari ya embe na kanzu ndogo aliyoishona mwenyewe, kisha akaniagiza jambo moja tu: "Niletee picha zake. Za kutosha."

Nilipanda treni hadi Nairobi, kisha basi la usiku hadi Kisumu, na kutoka hapo nikaingia matatu. Baina ya Kisumu na Kakamega msafiri huvuka Ikweta, na asipoambiwa hajui. Ukishapita Mbale na Chavakali, barabara hupanda na kushuka katikati ya migomba na mahindi, na mawe makubwa yamesimama mashambani, mengine yamebebana, hata mtu wa pwani kama mimi, aliyezoea ardhi tambarare, hujiuliza ni nani aliyeyapanga. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Asubuhi ni baridi, mchana jua ni kali lakini halina joto la kwetu, na alasiri mawingu hukusanyika mvua ikanyesha. Wenyeji huingia barazani wakaingoja ipite, wala hawana la kusema juu yake.

Watu wa huko husalimiana kwa neno "mulembe", nalo maana yake ni amani. Mjukuu wangu alinipokea kwa neno hilo, alilofundishwa na jirani, kisha akajificha nyuma ya mamake. Ananijua, lakini anachokijua ni uso mdogo ndani ya simu. Mzee huyu mrefu, mwenye ndevu na sauti ya mimbari, hakuwa na habari naye. Siku ile nzima kila nilipomnyooshea mikono aliitazama, kisha akaondoka zake.

Jumamosi tulikwenda Bustani ya Muliro, katikati ya mji, iliyopewa jina la mwanasiasa Masinde Muliro, aliyefariki mwaka 1992. Bustani hiyo iliwahi kupata sifa mbaya nchi nzima kwa picha za watu walionaswa mle bila kujua, zikatembezwa mitandaoni. Watu walicheka wiki nzima, na waliochekwa wakabaki na aibu yao. Siku tuliyokwenda sisi palikuwa na familia, wanafunzi na wauza karanga, na mtoto alikuwa na nyasi za kutosha za kukimbilia.

Nilisimama wima, simu mkononi, nikaanza kazi niliyotumwa. Picha ya kwanza ilikuwa utosi. Ya pili mgongo. Ya tatu nyasi tupu, kwa kuwa mwenyewe alikwisha ondoka. Palikuwa na mpiga picha wa bustanini, kijana mwenye kamera shingoni na mashine ndogo ya kuchapisha ndani ya mkoba. Alinitazama kwa muda, akanisogelea kwa adabu. "Sheikh, samahani," alisema. "Shuka chini. Huko juu unapiga kofia tu." Akanieleza kwamba mtoto hapigwi picha kwa kumfuata. Unakwenda mbele yake, unapiga magoti mpaka jicho la simu lilingane na jicho lake, unampa kitu cha kufanya, kisha unangoja. Wala usimwite jina, maana ukimwita ataacha alichokuwa akifanya akuangalie, na uso huo si wake, ni uso wa kuitwa. Nikapiga magoti. Kanzu ikaingia tope jekundu lisilotoka kwa sabuni moja. Ndipo nilipoona anachokiona yeye: bustani nzima ilikuwa miguu ya watu, na juu kabisa, mbali, nyuso.

Mimi mwenyewe nilipigwa picha yangu ya kwanza katika studio mjini Mombasa, nimesimama kando ya kiti, pazia limechorwa nyuma yangu, nimeambiwa nisipumue. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka studio ya Parekh, ambako wazee wetu wengi walipigwa picha za harusi, na watu wa Lamu wanamkumbuka Omar Said Bakor, aliyekuwa akikata na kuunganisha picha hata mtu akatokea ndani ya ua. Picha ya zama zile ilitiwa ndani ya bahasha, ikaletwa nyumbani, ikakaa kabatini. Aliyetaka kuiona alibisha hodi, akakaribishwa, akatiliwa chai, ndipo albamu ikatolewa.

Usiku ule, wenyewe wamelala, nilichagua picha tatu nikampelekea bibi yake. Kisha, kwa furaha niliyokuwa nayo, nikazitia pia katika kundi la jamaa, ambamo tumo watu zaidi ya 80, wengine Mombasa, wengine Maskati, wengine sijui waliingiaje. Nikaandika jina la mtoto na dua. Nikalala.

Asubuhi binti yangu alikuja na simu yake hadi nilipokaa, baada ya sala. Mwenzake kazini, ambaye hata hakuwa amemweleza kwamba ana mtoto, alikuwa amemtumia picha. Mjukuu wangu alikuwa amevaa sweta la mahali anapoachwa mchana, nembo ikisomeka kifuani, na jina lake limeandikwa chini kwa maneno yangu mwenyewe. Jamaa mmoja alikuwa ameihamishia kwenye ukurasa wake, na kutoka huko ikashika njia.

"Baba, hii imetoka wapi?"

Nasema kweli mbele yenu: sikujibu kama mzazi, nilijibu kama mtu aliyeulizwa masala darasani. Nilimwambia kwamba wanazuoni wamehitalifiana juu ya picha tangu zamani. Kwamba Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliandika risala akaona kamera haiumbi kitu, bali inazuia kivuli tu, mfano wa kioo. Nikaendelea. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, maana ndivyo nilivyomlea.

"Baba," akasema, "sikuulizi kama ni halali. Nakuuliza kama uliniuliza."

Miaka zaidi ya 20 nimesomesha Surat an-Nur, na kila mwaka nikifika kwenye aya za kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, huwasimamisha wanafunzi mlangoni mwa madrasa na kuwafunza kubisha hodi mara tatu, kisha kurudi wasipojibiwa. Na mimi nilikuwa nimewaingiza watu 80 katika nyumba ya mwanangu usiku, naye amelala.

Alinieleza kidogo yaliyomo moyoni mwake. Miaka ile 7 watu walimuuliza kila Idi, na waliokuwa wakiuliza ni hao hao waliomo katika kundi. Alipojaaliwa, yeye na mumewe waliagana kutomtandaza mtoto kwa watu mpaka awe na umri wa kusema anataka au hataki. Sehemu moja ni hofu ya jicho, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba jicho ni jambo la kweli. Sehemu nyingine haihusu jicho hata kidogo: asiyemjua anajua sasa mtoto anaitwa nani na anaachwa wapi mchana. Mumewe, ambaye ni mpole na alikuwa amenyamaza, aliongeza kwamba hata serikali ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayotaka idhini ya mzazi kabla ya kutumia habari za mtoto, na kwamba mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya babu na simu yake. Hata hivyo niliona haya.

Nilimwomba radhi. Kisha nikakaa kitako nikawapigia jamaa mmoja mmoja kuwaomba wazifute. Wengi walifuta pale pale. Mmoja alinikasirikia akaniuliza tangu lini watoto wetu wamekuwa siri. Hatujasemezana vizuri tangu siku hiyo. Zilizokwisha kutoka nje ya jamaa, Mungu ndiye anayejua ziliko.

Nilidhani matembezi ya Jumapili yamekufa. Binti yangu ndiye aliyesema, "Twende, Baba, mvua haijaja." Simu niliiacha juu ya meza. Akaichukua akaitia mfukoni mwa kanzu yangu bila ya neno.

Tulianzia Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, palipo Jiwe Linalolia lenye sifa nyingi: nguzo ya mwamba ya takriban mita 40, na juu yake jiwe jingine mithili ya kichwa, ambako maji huteremka kama machozi. Mjukuu wangu alilitazama kwa makini, akasema "maji", akarudi kwenye shughuli yake ya kuhamisha changarawe. Nilikwenda mbele yake, nikapiga magoti, nikangoja. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa ya kutazamwa. Akainua kichwa, akaniona nimelingana naye, akaangusha changarawe zote na kuja mbio, mikono mbele.

Kutoka hapo tulikwenda msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno. Ndio msitu wa mvua wa namna ya Kongo uliobaki Kenya, na ndani yake kuna giza hata saa sita mchana. Simu yangu haikuweza kitu. Mtoto alitoka kama moshi katika kila picha. Mbega weupe kwa weusi walipita juu yetu, mikia yao mirefu ikining'inia, naye akawapungia mkono na kuwaambia mulembe. Binti yangu akanigusa bega. "Baba, hii piga."

Kabla ya kuondoka Kakamega tulikaa pamoja, yeye akichagua, mimi nikifuta alizozikataa mbele ya macho yake. Zilibaki 12. Nilizichapisha katika studio mjini, nikazitia ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya msahafu wangu wa safari.

Bibi yake alizitandaza juu ya mkeka na kuzitazama moja moja mpaka adhana ya magharibi. Nyingi zilikuwa nzuri. Aliyoirudia ni ile ya Ilesi, iliyotikisika hata uso hausomeki, maana nilikuwa nimeishusha simu.

"Hapa alikuwa akikimbilia wapi?" aliniuliza.

"Alikuwa akija kwangu," nikamwambia.