Mtoto Atembeaye Usingizini



Katika Ramadhani ya mwaka 2009 walilala chuoni kwangu wanafunzi watano. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 9, aliinuka mnamo saa saba za usiku, akatoka uani macho wazi. Nalimwita, asinijibu. Asubuhi nalimwuliza alikokwenda, akasema, "Maalim, mimi sikutoka." Nikadhani ananidanganya, nikamchapa bakora tatu. Wenzake wakanong'ona kuwa ana jini. Usiku wa tatu nalimkuta amesimama penye ukingo wa kisima.

Nalimshika bega polepole, nikamrudisha kitandani, wala hakuamka. Mikono yangu ilitetemeka mpaka wakati wa daku.

Mama yake alipokuja alisema, "Maalim, hata mjomba wake alikuwa hivi utotoni, alipobaleghe hali ile ikamwacha." Tukaenda kwa daktari, akatufahamisha kwamba ubongo hauamki wote kwa pamoja. Katika usingizi mzito wa saa za mwanzo, sehemu iendeshayo viungo huweza kuamka, na ile ya fahamu na kumbukumbu ikabaki imelala. Jambo hili aghalabu hufuata ukoo, na huchochewa na usingizi haba, homa, wasiwasi, haja ndogo iliyombana mtu, na baadhi ya dawa. Nami nalikuwa nikiwakalisha watoto wale baada ya tarawehe mpaka saa sita, kisha nikiwaamsha saa kumi!

Majini wapo, kama Qurani ituelezavyo. Walakini si kila tusilolijua ni jini. Msomeeni mtoto dua, na mlango mtieni komeo, na kisima kifunikeni. Alale mapema, baada ya kwenda haja. Akiinuka, msimpige wala msimtishe, mrudisheni taratibu. Watoto wengi huacha wakikua. Lakini ikiwa hutokea mara kwa mara, au ana hatari ya kuumia, au hali hii imemwanza mtu akiwa mzima, na aonwe na daktari.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu haimwandikii aliyelala mpaka aamke. Nalilisomesha jambo hili miaka mingi, kisha nikamwadhibu mtoto kwa tendo ambalo Mola wake hakumwandikia. Nalimtaka radhi mbele ya wenzake. Yeye akanisamehe upesi, kama watoto wasameheavyo. Namwomba Mwenyezi Mungu naye anisamehe.