Kodi, Kura na Timazi la Mjomba



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kinole, nikimsaidia mjomba kujenga ukuta wa banda. Mjomba analima ndizi na mdalasini, na pia ni fundi mwashi. Sisi Waluguru tunafuata ukoo wa mama, kwa hiyo neno la mjomba lina uzito. Tulipopumzika nikaanza kulalamika: kivuko cha kwenda mashambani kimeoza, mazao yanatozwa ushuru, na hakuna anayetuambia fedha zinakwenda wapi. Nilisema kwa ufasaha, kama mtu anayesoma falsafa.

Mjomba alinawa udongo mikononi, akaniuliza: "Frateri, Novemba 2024 ulipiga kura wapi?"

Sikuwa na jibu. Tarehe 27 Novemba 2024 Watanzania walichagua viongozi wa vijiji, mitaa na vitongoji. Ningeweza kujiandikisha huku tunakoishi masomoni. Sikujiandikisha. Wala sikusahau, nilikuwa na hoja yangu.

Hoja hiyo niliipata kwa Anthony Downs, mchumi wa Marekani aliyeandika mwaka 1957 juu ya uchumi wa demokrasia. Kwa ufupi, uwezekano wa kura moja kuamua uchaguzi ni mdogo mno, na kupiga kura kuna gharama zake: muda, foleni na jua. Anayepiga hesabu ya faida yake peke yake atabaki nyumbani. Kwa wasomi hilo ni fumbo la kufikiriwa, kwa sababu watu wengi wanapiga kura hata hivyo. Mimi nililigeuza kisingizio.

Hesabu hiyohiyo mtu anaweza kuitumia kwa kodi: shilingi yangu moja haijengi zahanati, basi nikiikwepa nani atajua? Hadi mwaka 2003 watu wazima nchini walidaiwa kodi ya maendeleo. Odd-Helge Fjeldstad wa Norwei na Joseph Semboja wa Tanzania walichunguza kwa nini wengine waliilipa na wengine waliikimbia. Waliona kwamba hofu ya kushtakiwa iliwasukuma watu kulipa, lakini ukali wa watozaji, manyanyaso na huduma mbovu viliongeza ukaidi. Mjomba hakuhitaji kusoma utafiti huo. Anawakumbuka wanaume waliolala mashambani kila waliposikia mgambo wanapita. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003. Ushuru wa mazao umebaki, ingawa mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula.

"Na matuta je?" mjomba aliuliza. Alikuwa na maana ya mwaka 1955, wazee wetu wa Uluguru walipougomea mpango wa wakoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta milimani. Mpango ule uliachwa. Nilijaribu kumpa kila mzee wa wakati ule hesabu yangu: "Mimi mmoja nikigoma, nitabadili nini?" Kwa hesabu hiyo kila mmoja angeendelea kuchimba.

Tuliporudi kazini mjomba alining'iniza timazi. Nikamsimulia habari niliyoisoma ya mwaka 1774. Mwanaastronomia Mwingereza, Nevil Maskelyne, alipanda mlima Schiehallion kule Uskoti, akapima kwa nyota pande mbili za mlima. Aligundua kwamba timazi halikuning'inia wima kabisa: mlima ulikuwa ukilivuta kwake, kidogo sana. Mvutano ndio nguvu dhaifu kuliko zote ambazo fizikia inazijua. Jiwe moja huvuta kidogo mno, huwezi kuhisi. Lakini mlima ni mawe tu, na kila jiwe limo katika hesabu.

Mjomba alitazama juu milimani, akacheka. "Kwa hiyo hata ukuta wangu unavutwa na Uluguru?"

"Kidogo mno, mjomba."

"Lakini unavutwa."

Najua mfano huu una mpaka. Jiwe halichagui kuvuta, wala halikati tamaa. Mtu anaweza kujitoa, na hapo ndipo suala linapotoka kwenye hesabu na kuingia kwenye dhamiri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inataja kulipa kodi na kupiga kura pamoja, kama wajibu unaotokana na kushiriki sote katika kuyabeba manufaa ya wote. Haiulizi kama kura yako ndiyo itakayoamua. Bwana wetu mwenyewe, katika Mathayo 17, alilipa kodi ya hekalu, yake na ya Petro, ingawa alieleza kwamba wana hawapaswi kudaiwa.

Lakini wajibu huo una pande mbili. Anayelipa bila kuuliza anaweza kuonewa maisha yake yote. Anayeuliza bila kushiriki, kama mimi, anapiga kelele tu. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Nilikuwa sijawahi kwenda hata mara moja.

Kabla ya kurudi masomoni nilikwenda na mjomba. Tulikaa nyuma, chini ya mti. Mapato yalisomwa haraka haraka. Mjomba alisimama, akauliza juu ya kivuko. Jibu halikumridhisha, akaomba swali lake liandikwe kwenye muhtasari ili lijibiwe mkutano ujao. Likaandikwa. Mama mmoja naye akasimama, akauliza la bomba la maji.

Kivuko bado hakijatengenezwa. Lakini tulipokuwa tunarudi sikulalamika, na mjomba hakuniuliza tena nilipiga kura wapi. Ndugu zangu mafrateri, na ninyi waamini wa parokia zetu, uchaguzi ujao wa serikali za mitaa utakapofika, naomba tusiwe na hoja niliyokuwa nayo mimi.