Sanduku la Bati

Msomaji, yamkini nyumbani kwenu liko sanduku ambalo watoto hawaruhusiwi kulifungua. Kwetu Kathiani, katika wilaya ya Machakos, lilikuwa la bati, mali ya bibi yangu, ambaye sisi Wakamba humwita susu. Lilikaa chini ya kitanda chake. Ndani yake, pamoja na shanga na karatasi za shamba, kilikuwamo kikopo kidogo cha chuma chenye kamba, nacho kilikuwa kipande cha baba yake. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kukivaa shingoni kama mbuzi avaavyo kengele.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu niliagizwa kuandika historia ya kijiji changu. Sikumwuliza susu neno lolote. Niliingia maktaba, nikanakili kurasa kadhaa kutoka vitabu viwili, nikapewa alama nzuri. Likizo ilipofika nilimsomea kazi ile kwa majivuno, nikiigeuza kwa Kikamba sentensi baada ya sentensi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na sisi tulikuwa wapi, mjukuu wangu?" Nikacheka, nikadhani hakuelewa. Alifariki kabla sijahitimu, na sanduku likabaki na kikopo kisicho na msimulizi.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwalimu, nilikutana na kitabu kilichoulizwa swali kama lile na kulijibu. Jina lake ni Passbook Number F.47927, kilichotolewa mwaka 1985, na mtungaji wake ni Muthoni Likimani. Mama huyu alizaliwa Murang'a katika miaka ya 1920, binti wa mmoja wa makasisi wa kwanza Waafrika wa Kanisa la Kianglikana nchini Kenya. Alisomea ualimu, kisha akaingia katika utangazaji, akawa miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kuandaa vipindi katika Sauti ya Kenya.

Hapa naomba tutue kidogo. Msikilizaji wa redio husikia sauti tu, na mtazamaji wa televisheni, iliyoanza kwetu mwaka 1962, huona uso tu. Kazi iliyotangulia sauti na uso haionekani. Kabla ya kipindi hapana budi mtu aende, aulize, asikilize, alinganishe neno la huyu na la yule, atupe lisilo la kweli. Aliyezoea kazi hiyo hujifunza jambo ambalo mimi sikulijua chuoni: kwamba mama aliyeketi jikoni naye ni maktaba, ila hafunguki kwa mtu mwenye haraka.

Katika kitabu chake Likimani aliandika habari za wanawake wa Kikuyu katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Walihamishwa kwa nguvu, wakatiwa katika vijiji vilivyolindwa kwa silaha. Walichimba mahandaki bila ujira. Walipeleka chakula msituni kwa siri. Na hawakuweza kusafiri bila kitabu cha pasi. Kichwa cha kitabu ni nambari ya pasi ya namna hiyo: herufi moja na tarakimu tano badala ya jina la mtu.

Nakiri kwamba nilikisoma kwa shaka mwanzoni. Mambo yenyewe yametokea, lakini ameyasimulia kwa njia ya hadithi, na mwalimu wa historia hupenda tarehe na hati. Shaka hiyo ningali nayo kidogo. Hata hivyo najiuliza: hati zile ziliandikwa na nani? Ziliandikwa na afisa aliyehesabu vichwa. Aliyehesabiwa hakuulizwa kitu. Mwaka 2005 Likimani alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe, Fighting Without Ceasing, na jina hilo, lenye maana ya kupigana bila kukoma, linamfaa.

Nikarudi kwetu kwa mawazo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe wao kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, na wengi wa ng'ombe hao wakapelekwa katika kiwanda cha nyama cha Athi River. Mwezi wa Julai maelfu ya watu walitembea kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Lakini serikali ililegea, ikaacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Leo iko barabara katikati ya Nairobi yenye jina lake. Katika msafara ule walikuwamo wanawake na watoto pia, na majina yao sikuyaona katika kitabu chochote nilichosoma.

Basi mwaka jana niliwachukua wanafunzi wanne kwa bibi kizee mmoja wa miaka zaidi ya 90, jirani ya shule. Wavulana walimwuliza habari za Gavana na askari. Akajibu kwa ufupi, akipiga miayo. Ndipo msichana mmoja akamwuliza, "Susu, akina mama walipika nini huko?"

Bibi akaketi wima. Alisema mamaye alibeba unga, chumvi, sufuria, na yeye mwenyewe mgongoni alipochoka. Alieleza walivyotafuta kuni katika mji wasioujua, na jinsi mwanamke mmoja alivyokataa kurudi nyumbani mpaka aambiwe ng'ombe wake mwenye baka jeupe yuko wapi. Kisha akaanza kutaja majina ya wanawake wa kilima chetu, mmoja mmoja, akikunja vidole. Lilipofika jina la tano yule msichana aliinua kalamu, akauliza linaandikwaje. Bibi hakujua kusoma. Akalitamka tena, polepole, mara tatu.