Gurudumu la babu lilitaka kuuzwa kwa kilo

Simu ya mdogo wangu iliingia Jumapili jioni, nikiwa napiga pasi sare za watoto. Hakuzunguka. "Dada, mnunuzi wa chuma chakavu amepita. Anataka lile gurudumu la uani. Alhamisi anarudi na gari."

Kila aliyewahi kufika nyumbani kwetu Mkumbara, pale chini ya milima ya Usambara, analijua gurudumu hilo. Ni la chuma kizito, pana kama sinia la pilau ya harusi, na limelala chini ya mwarobaini tangu sijazaliwa. Mama huanika vyombo juu yake. Sisi watoto tulikuwa tunalikalia tukimenya machungwa. Ukiuliza limetoka wapi, unajibiwa maneno mawili tu: "La Mjerumani." Basi.

Nikamwambia asiuze mpaka nifike. Akanyamaza kidogo. "Dada, mwanangu anaingia kidato cha tano. Godoro, sare, ndoo, nauli, vyote vinanisubiri mimi. Wewe uko Dar. Huku chuma hicho kinakula kutu tu."

Maneno yake yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Ni yeye anayempeleka mama kliniki, ni yeye anayeziba bati linapovuja. Mimi hutuma hela nikikumbuka. Leo nikatae kuuza, kwa haki gani?

Jumanne niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulisugua gurudumu kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Mama alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Baada ya saa nzima zikajitokeza herufi zilizoinuka kwenye chuma. Neno la kwanza lilikuwa limelika, zimebaki "CHERT". La pili lilisomeka vizuri: LEIPZIG.

Kwa kuwa reli ya Tanga hadi Moshi inapita hapo karibu, nilidhani ni gurudumu la treni. Nikamwita jirani yetu, mzee mstaafu wa idara ya misitu. Alicheka. "Binti yangu, gurudumu la treni lina ukingo upande mmoja, lisitoke kwenye reli. Hili lina mfereji katikati. Mfereji ni njia ya kamba ya chuma." Kisha akainua fimbo yake, akaonyesha juu kabisa, kule ukingo wa mlima unakogusa mawingu. "Limetoka kwenye kamba ya Shume."

Nimekulia chini ya mlima ule na sikuwahi kusikia habari hiyo mpaka siku hiyo.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, msitu wa Shume ulikuwa na mitarakwa mingi. Ni mti wenye harufu nzuri, mchwa hawaupendi, na mbao yake huchongeka laini kiasi kwamba ilitafutwa kwa kutengenezea penseli. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga kiwanda cha kupasua mbao huko juu, mahali walipopaita Neu-Hornow. Miti ilikuwepo, misumeno ilikuwepo. Shida ilikuwa kushuka. Kati ya msitu na tambarare kuna ukuta wa mlima wa zaidi ya mita 1,000, ambao gari la ng'ombe lisingeuweza. Na huku chini reli ilikuwa inasogea: ilifika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911.

Dawa yake ikawa kamba. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig, iliyoanzishwa mwaka 1874 na kujulikana kwa kujenga njia za kamba hadi kwenye migodi ya milima ya Andes huko Argentina, ilijenga njia ya angani kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara, kilomita zipatazo 9. Mzee alinichorea mavumbini. Kamba nene imetulia juu ya nguzo, na toroli linaning'inia likitembea juu yake. Kamba nyembamba ndiyo inayovuta, nayo huzunguka kwenye magurudumu yenye mfereji. Toroli lililojaa mbao likishuka kwa uzito wake, linasaidia kulipandisha lililo tupu. Kazi kubwa inabaki kwenye breki. Kutoka hapo mbao zilipanda treni hadi bandari ya Tanga.

Jioni nilimsomea mama zile herufi, nikamweleza yote. Akakaa kimya, akichambua mchele. Mwishoni akasema, "Sasa nikwambie, maana baba yako hayupo. Niliolewa hapa nikalikuta. Watu walikuwa wananong'ona kuwa mkwe wangu aliliiba."

Hakuliiba. Babu alikuwa kibarua wa mtu mmoja aliyekusanya vyuma vya zamani vilivyobaki porini. Alifanya naye kazi miezi mitatu, wakifungua nati na kuviringisha vyuma mteremkoni. Siku ya malipo tajiri hakuonekana. Vibarua wakagawana kilichobaki. Babu akapata gurudumu, akaliviringisha mpaka uani na kuliacha hapo, akisema mwenye nalo akija amletee kwanza mshahara wake. Hakuja mtu.

"Ndiyo maana sikupenda mliulize," mama alisema. "Niliogopa mtaambiwa ninyi ni wajukuu wa mwizi."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Akatoka nje, nikamwona analizunguka gurudumu huku akipitisha kidole kwenye zile herufi.

Usiku tulikaa wawili tukapiga hesabu. Sikumpa hotuba ya historia. Nilichukua orodha ya shule, nikabeba godoro, sare na nauli, na nikaahidi kiasi cha kila mwezi kwa ajili ya kliniki ya mama. Nilipaswa kufanya hivyo zamani, bila kungoja chuma kinisute.

Alhamisi mnunuzi alikuja na mizani yake. Mdogo wangu akampa fremu ya baiskeli iliyovunjika na mabati mawili mabovu. "Na lile?" akauliza. "Lile ni mshahara wa babu," alijibiwa.

Msomaji, huenda na kwenu kuna chuma kama hicho: puli ya kiwanda cha mbao, msumeno mrefu wa watu wawili, boila linalotagia kuku. Kabla hujakiweka kwenye mizani, kisugue. Tafuta herufi na namba, zipige picha. Angalia kama kina mfereji au ukingo, kwa maana umbo husema kazi yake. Kisha muulize mzee aliye hai leo, usingoje sikukuu. Ukishajua, kuuza au kutouza ni shauri la nyumba yenu.

Sisi letu bado liko chini ya mwarobaini, na mama ameshaanika vyombo juu yake. Ila siku hizi mgeni akiuliza, hajibu tena kwa maneno mawili. Anamvutia kiti.