Kwa mpwa wangu Rehema

Mpwa wangu mpendwa,

Mahindi tumeshapukuchua, tunasubiri bei, na magoti ya bibi yako yamepata nafuu. Kifurushi ulichompa kondakta kimefika salama, na usiku uleule tuliziweka zile CD za mchekeshaji King Majuto. Hadi majirani wakajaa sebuleni.

Uhakiki wako wa filamu zake nao nimeusoma. Kalamu unayo, mama, lakini pale uliposema mzee huyu amepitwa na wakati umeniudhi. CD zile ni za kudurufu! Sauti inatoka mdomo umeshafumbwa, na picha inakwama pale pale anapotaka kugeuza jicho. Kichekesho kikichelewa kidogo tu kimekufa, hata angekuwa nani. Enzi za kanda, kwenye vibanda vya video vya Majengo, picha ikianza kuchezacheza tulimzomea mwenye kibanda. Mwigizaji hatukumgusa.

Na ukihakiki komedi ya zamani, uliza pia ni nani aliyeamua tumcheke nani. Rashidi Kawawa, mtoto wa Matepwende, huku huku kwetu, aliigiza filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950: mtu wa shamba anayehangaishwa na Dar es Salaam. Waliosimamia filamu ile ni serikali ya mkoloni, na mshamba ndiye wa kuchekwa. Mwaka 1962 huyo mshamba wao akawa Waziri Mkuu. Filamu ya namna hiyo usiisifu yote, wala usiitupe yote. Uigizaji wake uupe haki yake, na dharau ya waliomtuma uitaje kwa jina.

Jambo la pesa nalo silifichi. Majuto alipougua mwaka 2018, serikali iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na Agosti mwaka ule ule akafariki. Nchi nzima ilikuwa imemcheka. Wangapi walimlipa? Kwa hiyo kabla ya kununua, tazama stempu ya Mamlaka ya Mapato (TRA), ile iliyoanza kubandikwa mwaka 2013. Isipokuwepo, rudisha.

Nimekutumia elfu kumi kwenye simu. Tafuta nakala halali, uitazame upya, ndipo uandike. Na huyo mwenzako anayewajazia watu filamu kwenye flashi, najua anasoma barua hii begani kwako: mwambie nikija Dar nitapita dukani kwake.

Shangazi yako anauliza vitenge vyake.

Mjomba wako,
Songea