Biskuti ya plamsi kutoka jikoni kwa bibi, Soni

Binti yangu wa miaka 11 aliiona kwanza kwenye simu ya baba yake: biskuti nene kama kitumbua, katikati imejazwa matofaa yaliyopikwa kwa sukari na mdalasini, juu imemwagiwa chenga za unga na siagi. Wamarekani wameichukua pai yao ya matofaa, ile ya sikukuu, wakaigeuza biskuti ya kushika mkononi. Haukupita muda tukaikuta kwenye mgahawa mmoja hapa Dar es Salaam. Bei yake shilingi 7,000. Moja. Nikamwambia tutaangalia mwisho wa mwezi, jibu ambalo watoto wa mjini wanajua maana yake.

Mwisho wa mwezi huo ulikuwa Desemba, na Desemba sisi hupanda Lushoto kwa mama mkwe wangu.

Kwa ambaye hajawahi kufika, safari yenyewe ni rahisi mpaka Mombo. Ni barabara kuu ya Arusha, Chalinze, Segera, Korogwe, mkonge huku na huku na joto la kutosha. Mombo ndipo reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipofika mwaka 1905, na ndipo unapoiacha lami ya tambarare na kukata kulia kuufuata mlima. Kutoka hapo mpaka Lushoto mjini ni kama kilomita 33 tu, lakini ni kilomita za kona. Mzazi mwenzangu, nisikilize: usimpe mtoto chipsi na soda Mombo. Mpe maji kidogo, mkalishe dirishani, mshikishe kipande cha limao anuse. Mimi nilijifunza haya kwa kufua nguo za watu wawili usiku wa kwanza ugenini.

Katikati ya njia kuna Soni, penye maporomoko ya maji unayoyaona ukiwa ndani ya gari. Msimu wa matunda ukianza, hapo gari halisimami kabla halijazungukwa. Kina mama na vijana wananyanyua ndoo, vikapu na sado za plamsi, peasi na mafyulisi mpaka usawa wa kioo. Plamsi zimeiva nyekundu ya kukaribia zambarau, ngozi nyembamba, ukibonyeza kidogo zinapasuka. Sado ilikuwa shilingi 3,000. Binti yangu, ambaye hesabu shuleni zinamsumbua, alizipiga papo hapo bila kalamu.

"Mama, biskuti moja ni sado mbili na chenji inabaki."

Sikuwa na la kumjibu.

Matunda haya si ya asili ya hapa, na ukionja hewa ya Lushoto asubuhi unaelewa kwa nini yalikubali kukaa. Mji upo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai watu wanalala na mablanketi mawili. Miti ya plamsi, peasi na matofaa inataka baridi ili ipumzike, ikiamka ichanue vizuri. Ukiipanda Tanga mjini utapata majani tu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo mwaka 1891, watawa wa Kitrapisti wakajenga Gare mwaka 1897, na Lushoto yenyewe serikali ya Kijerumani ikaiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Walikuja na miche ya kwao. Mwaka 1916 Waingereza waliwatoa, jina la Wilhelmstal likafa, ingawa kuna bonde jirani na mji ambalo mpaka leo linaitwa Jaegertal, yaani bonde la mwindaji. Miti haikuondoka na mtu. Wasambaa waliichukua, wakaichanganya na migomba na kahawa mashambani mwao, na sasa ukimuuliza mzee wa hapa atakwambia huu ni mti wa babu yake, na hasemi uongo.

Nyumbani kwa mama mkwe ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Soni, njia ya kupanda. Tulimkuta kwenye baraza anachambua maharage. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuwashika watoto mashavu, akatuonyesha nyuma ya nyumba bila kusema neno. Chini ya miti yake tisa ya plamsi palikuwa pekundu. Nyuki walikuwa wengi kuliko kuku.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye anayelima shamba lile sasa. Usiku tukila alieleza jambo lake, na naona alikuwa ameliweka tayari kwa siku nyingi. Msimu ukiisha anaikata miti yote tisa. Anataka kupanda hoho na kabichi.

"Shemeji, hoho miezi mitatu nimeona hela. Plamsi nasubiri mwaka mzima, zinaiva zote wiki tatu, mnunuzi anakuja na lori anasema bei anayotaka, kwa sababu anajua kesho zitakuwa zimeoza. Mwaka jana tuliwamwagia ng'ombe."

Mama mkwe aliendelea kula. Miti ile ilipandwa na marehemu mumewe. Hakusema hivyo, mume wangu ndiye aliyeniambia baadaye, tukiwa tumelala.

Asubuhi yake binti yangu akamuuliza bibi kama anaweza kutumia zile plamsi za chini, zilizopasuka, kutengeneza biskuti ya kwenye simu. Bibi akauliza biskuti gani hiyo. Akaonyeshwa. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Hili ni andazi lililokosa mafuta." Lakini akanyanyuka kutafuta sufuria.

Nilikuwa na wazo kichwani. Wajerumani wenyewe wana keki yao ya msimu wa plamsi: matunda yanapasuliwa, yanapangwa juu ya unga ulioumuka, kisha inamwagwa juu yake michanganyo ya unga, siagi na sukari iliyovurugwa kwa vidole mpaka iwe chengachenga. Wanaiita Streusel. Waingereza nao wana krambo yao, ambayo haina hata unga wa chini, ni tunda na chenga basi. Kwa hiyo matofaa ya Marekani hatukuyahitaji. Plamsi ilikuwa na haki yake ya kukaa kwenye biskuti, tena katika milima hii.

Mkupuo wa kwanza ulikuwa aibu. Tuliweka vipande vya plamsi mbichi katikati ya kila biskuti, tukafunika. Plamsi ina maji mengi. Ilipopata moto ikachuruzika, biskuti zikaungana zikawa uji mwekundu uliogandia sinia. Mdogo wake binti yangu, wa miaka 7, aliukwangua na kijiko akasema ni tamu, lakini yeye hula hata dawa ya kikohozi kwa hamu.

Bibi ndiye aliyeokoa. "Tunda bichi lina maji. Lipikeni kwanza likauke." Basi tukapika jamu.

Ukitaka kujaribu, hivi ndivyo tulivyofanya mkupuo wa pili. Kilo moja ya plamsi zilizoiva, toa kokwa, weka kwenye sufuria na sukari nusu kilo na maji ya nusu limao. Pika moto wa wastani, ukikoroga, kama dakika 40. Watoto wakae mbali, jamu inayochemka inaruka na inaunguza kuliko maji. Dondosha tone kwenye sahani ya baridi, liinamishe. Likikaa pale pale bila kutiririka, tayari. Acha ipoe kabisa. Unga wa biskuti ni gramu 300 za ngano, gramu 200 za siagi, gramu 100 za sukari, chumvi kidogo, iliki iliyotwangwa na kiini cha yai moja. Iliki nimeweka kwa sababu inalimwa Usambara ya Mashariki na mama mkwe huwa nayo. Mdalasini pia unafaa. Vuruga siagi na unga kwa vidole, changanya vingine, usikande sana. Tenga robo ya unga huo, uongezee vijiko viwili vya ngano na kimoja cha sukari, uvuruge uwe chenga. Sehemu iliyobaki fanya viduara kama 24, bonyeza katikati kwa kidole gumba, weka kijiko kidogo cha jamu, nyunyiza chenga juu. Hapo ndipo kazi ya watoto ilipo, na wanaipenda.

Oveni hatukuwa nayo. Mama mkwe aliweka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, juu ya mchanga akaweka vijiwe vitatu, juu ya vijiwe sinia dogo. Mkaa chini kidogo, mkaa wa mfuniko mwingi zaidi. Ndivyo wanawake wengi wa nchi hii walivyooka keki za harusi kabla ya umeme kufika. Dakika 20. Zilitoka na ukingo wa kahawia, jamu imetulia katikati inang'aa, chenga zimekauka. Uchachu wa plamsi unakata ule utamu wa siagi, kitu ambacho biskuti ya shilingi 7,000 haikuwa nacho, kwa maana hatimaye mume wangu aliinunua na tulikula robo robo.

Shemeji alirudi shambani, akala nne akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaanza kuuliza maswali, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko furaha yangu.

Sado moja ilikuwa imetupa chupa nne na nusu za jamu. Tulioka biskuti 48 na hatukumaliza hata chupa moja. Siagi tuliyotumia ilitugharimu kuliko matunda, unga na sukari kwa pamoja.

"Shemeji," akasema, "biskuti hii haili plamsi. Inakula siagi."

Alikuwa sahihi. Nimesoma mara nyingi, hata kwenye kurasa kama hii, kwamba mkulima aongeze thamani kwenye zao lake, kana kwamba ni suala la mapishi. Miti tisa ingehitaji maelfu ya biskuti, siagi ya kreti nzima, na mtu wa kuzinunua juu ya mlima ambako kila nyumba ina plamsi zake. Kinachokula tunda ni jamu. Na jamu inataka chupa, vifuniko visivyovuja, sukari ya magunia, na soko.

Lakini siku ya gulio mama mkwe alimfunga mjukuu wake kitenge, akambebesha sinia la biskuti 40, wakashuka wote wawili Soni. Walipanga shilingi 500 kila moja. Zilinunuliwa na abiria zaidi ya wenyeji, wengi wakiwa wamekaa ndani ya gari, mkono nje. Saa tano asubuhi sinia lilikuwa tupu. Tulipotoa gharama, faida ilitosha sukari ya kilo mbili na nauli ya watu wawili kwenda Lushoto mjini. Binti yangu alikasirika. Alidhani atarudi tajiri. Bibi yake hakukasirika hata kidogo. Alikuwa ameshika zile noti kama mtu anayezipima uzito.

Kwa nauli hiyo kesho yake walikwenda Irente. Kama uko Lushoto na watoto, usikose: kuna shamba la Kanisa la Kilutheri linalouza jibini, mkate na jamu zake, na ukitembea mbele kidogo unafika kwenye mwamba ambapo mlima unakatika ghafla. Chini kabisa kuna Mazinde, mashamba ya mkonge yakionekana kama mistari ya daftari, na tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke. Shika mkono wa mtoto, usimwachie hata kwa picha. Mama mkwe amezaliwa mwendo wa saa chache kutoka pale na alikuwa hajawahi kula kwenye lile shamba. Alinunua chupa moja ndogo ya jamu, si kwa sababu alikosa jamu nyumbani. Aliigeuzageuza, akasoma karatasi iliyobandikwa, akafungua kifuniko akakifunga tena mara tatu, akisikiliza.

Tulishuka Dar wiki ya kwanza ya Januari na sado mbili miguuni na chupa tatu zilizofungwa kwenye sweta. Shule zilifunguliwa, maisha yakaendelea.

Mwishoni mwa Februari shemeji alipiga simu kuhusu mbolea. Mume wangu akamuuliza habari za miti. Amekata sita. Hoho tayari ziko kitaluni. Mitatu iliyo karibu na jiko ameiacha, na hakueleza kwa nini, wala hatukumuuliza. Kisha simu ikachukuliwa na mama mkwe, akataka kuongea na mjukuu wake, si na sisi. Walinong'onezana muda mrefu.

Tangu siku hiyo hakuna chupa inayotupwa nyumbani kwangu. Ya karanga, ya asali, ya mayonezi ya jirani, zote zinaoshwa, zinachemshwa, zinakaushwa juani kibarazani na mfuniko wake pembeni. Ziko kwenye boksi chini ya kitanda cha watoto. Jana nimezihesabu nikifagia: 31.